Mwanangu, umeniuliza Msondo na Sikinde nani zaidi

Mwanangu mpenzi,

Salamu zako zimefika, baba yako mzima na mimi mzima, magoti tu ndo yale yale. Swali lako nimelisoma vizuri. Umesema huko Dodoma kazini kwenu kuna wazee wawili wamebishana saa ya chakula mpaka wakanuniana, mmoja anasema Msondo ndo baba ya muziki na hakuna bendi Tanzania hii itaacha alama kama ile, mwenzie anasema bila Sikinde dansi isingekuwa na heshima, alafu wakakugeukia we mtoto wa Dar uamue, ukakosa la kusema, ndo unaniuliza mama kati ya hizi bendi mbili nani alikuwa mkali na nani kaacha urithi mkubwa.

Kwangu mimi ni Sikinde. Nimeanza na hilo ili usije ukasema mama kazunguka. Lakini ukiwapelekea jibu hilo hivo hivo hao wazee watakumaliza, maana wao wanabishana utadhani hizi bendi zilizaliwa mbali mbali, wakati Sikinde kwa sehemu ilitoka tumboni mwa Msondo, na waimbaji walikuwa wanahama huku wanarudi kule, kwa hiyo mtu akikuuliza nani zaidi we muulize kwanza, mwaka gani?

Anza na Msondo. Ilianza 1964 kama NUTA Jazz, bendi ya chama cha wafanyakazi, na hapo ndo siri yenyewe ilipo baba, wale wanamuziki walikuwa waajiriwa, vyombo vya chama, mshahara wa chama, sio bendi ya mtu mmoja akifa imekwisha. Chama kilipobadilika jina bendi nayo ikabadilika, ikawa JUWATA Jazz, baadae OTTU Jazz, mwisho ndo hii Msondo Ngoma. Mwimbaji Muhiddin Maalim Gurumo alikuwepo tangu huo mwanzo wa 1964, na wapulizaji wao kina Joseph Lusungu kwenye tarumbeta na Mnenge Ramadhani kwenye saksafoni walikuwa wanapiga kiasi kwamba ukisikia ile milio ya kwanza tu redioni unajua ni nani. Mpaka hapo Sikinde haipo duniani. Kwa hiyo huyo mzee wa Msondo akikwambia wao ndo wakubwa kwa umri, kubali, hilo halina ubishi.

Sasa 1978 ndo mambo yakageuka. Kulikuwa na kampuni ya usafiri na teksi, TTTS, ilikuwa na baa yao Mlimani Park, wakataka bendi. Hawakuanza na watoto wa kujifunza, walikwenda kuchukua wakubwa: kutoka Juwata wakamtoa Gurumo na Hassan Rehani Bitchuka, kutoka bendi ya Dar International wakawatoa Abel Balthazar, Joseph Mulenga na Cosmas Chidumule, mwimbaji Marijani Rajabu akabaki pale Dar International anaanza kujenga upya. Alafu wakawa na Michael Enoch, yule King Michael aliyekuwa anang'ara na Dar es Salaam Jazz toka miaka ya 60, mtu anayejua gitaa, anajua saksafoni, anajua kupanga muziki, na nakwambia ukweli kama unatafuta sababu moja ya Sikinde kuwa Sikinde usiangalie waimbaji, angalia huyu. Mtindo wakauita Sikinde, ngoma ya Wazaramo, ngoma ya ukae. TTTS ilipokwama 1983 Shirika la Maendeleo Dar es Salaam, DDC, likaichukua ndo ikawa DDC Mlimani Park Orchestra.

Kuanzia 1978 mpaka 1985 mi sijaona bendi ya kuigusa. Sisemi kwa ushabiki, we sikiliza mwenyewe, tafuta Neema ya Chidumule alafu tulia. Magitaa matatu, kila moja lina njia yake na hakuna linalomkanyaga mwenzie, besi inatembea yenyewe, waimbaji wanaanza taratibu kabisa wanakueleza habari mpaka umeielewa, hawana haraka, alafu wimbo unapochemka wapulizaji wanaingia na solo inajibizana nao na hapo ndo ukumbi mzima unanyanyuka. Wengi siku hizi wanakata wimbo kabla haujachemka eti mrefu. Ukikata hapo hujasikia dansi, umesikia utangulizi.

Na maneno baba. Maneno ndo yalinichukua mimi mwanamke. Mume Wangu Jerry, wanaume wazima wamesimama jukwaani wanaimba kwa mdomo wa mke, wanamsemea mke, enzi hizo ambazo mke mwenyewe akisema nyumbani anaambiwa ana mdomo. Nalala kwa Tabu, jina tu linakwambia. Zile nyimbo zilitungwa kama hadithi, ina mtu, ina shida yake, ina mahali, na mtunzi hakupi jibu rahisi. Sisi tulikuwa tunatoka ukumbini tunabishana njia nzima kama yule mwanamke kwenye wimbo kakosea au kaonewa. Msondo nao walikuwa na tungo nzuri sitaki kuwaonea, lakini kwa miaka ile kalamu ya Mlimani ilikuwa nzito zaidi.

Kuna kitu kingine huwa hakisemwi. Nchi hii haikuwa na kiwanda cha santuri, santuri zilikuwa zinatengenezwa Nairobi, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977 mpaka wetu na Kenya ukafungwa, haukufunguliwa hadi 1983. Ukihesabu utaona Sikinde ilipanda juu kabisa katika miaka ambayo hata kutoa santuri ni shida. Kwa hiyo walikuwa wanatunga kwa ajili ya vitu viwili tu, redio na ukumbi. Unaingia studio ya RTD, Radio Tanzania Dar es Salaam, pale Barabara ya Pugu mnapiga wote kwa pamoja, mmoja akikosea mnarudia wote, ndo maana zile rekodi zina ile nidhamu unayoisikia. Na redio ilikuwa moja, RTD, televisheni huku bara hatuna mpaka miaka ya 90, wimbo ukipigwa umeingia nyumba zote siku hiyo hiyo, Mtwara mpaka Bukoba. Leo msanii anatafuta watu wamsikilize, enzi zile watu walikuwa tayari wamekaa wanasubiri.

Hapa baba yako ananiangalia anavyoona naandika, yeye Msondo damu damu unamjua. Anasema nisisahau kuandika kwamba Sikinde ni Msondo iliyoibiwa. Namwandikia. Lakini na yeye akubali kwamba Juwata walipoachwa 1978 hawakulia, na hiyo ndo sifa kubwa ya Msondo kwangu kuliko hilo jina la baba ya muziki. Waliingiza damu mpya, gitaa la Saidi Mabera likabeba bendi, na miaka ya 80 akaja TX Moshi William. Huyo mwanangu ndo aliyewapa maisha ya pili. Sauti yake haikuwa ya ufundi mwingi kama ya Bitchuka, ila ilikuwa inakuingia moja kwa moja, anaimba kama mtu anayekusimulia jambo lililompata jana.

Alafu 1985 ikaja zamu ya Sikinde kuibiwa. Hugo Kisima, mfanyabiashara, alitaka bendi mpya ya Safari Sound, akaenda Mlimani akawabeba kina Gurumo na Balthazar, wakaanzisha mtindo wao wa Ndekule. Ilikuwa habari mjini, watu walikuwa wanaiongea kama usajili wa Simba na Yanga, na kweli mashabiki wa Msondo na Sikinde ndivyo walivyo mpaka leo, hakuna wa katikati. Sikinde haikufa maana King Michael alibaki na shirika lilibaki, lakini mi naona ile hali ya 78 mpaka 85 haikurudi tena sawa sawa. Gurumo mwenyewe hakukaa moja kwa moja Ndekule, akarudi nyumbani kwake Msondo na akabaki huko. Bitchuka akazunguka akaishia kuwa sauti ya Sikinde. Shaaban Dede kaimba kote kuwili. Sasa hao wazee wako wakibishana we waulize tu, Gurumo ni wa nani? Mmoja atasema wetu na mwingine atasema wetu na wote watakuwa wanasema kweli.

Miaka ya 90 mpaka 2006 naitoa kwa Msondo, na hapo naandika roho inaniuma lakini ndo haki. Redio zilikuwa nyingi, vijana wanasikiliza rap, kumbi zinafungwa moja moja, bongo fleva inakuja juu, na katikati ya hayo yote Msondo wanatoa Piga Ua Talaka Utatoa na vijana wanaimba, sio wazee tu, wapiga debe, wauza mitumba, kila mtu. Bendi ya 1964! TX Moshi alipofariki 2006 mji ulisimama kweli, mimi mtu wa Sikinde nililia. Sikinde miaka hiyo walikuwepo, walipiga vizuri, lakini walikuwa wanaishi zaidi kwa nyimbo zao za zamani.

Sasa urithi. Ukipima urithi kwa kudumu, mpe Msondo. Lakini mi sipimi hivo, mi napima kwa kile ambacho mtu mwingine anaweza kukichukua akajifunza, na kijana anayetaka leo kujua namna ya kutunga wimbo wa Kiswahili wenye kisa na namna ya kupanga magitaa yasigongane, nitampeleka kwenye zile rekodi za Mlimani za mwanzo na nitamwambia kaa hapa mwaka mzima. Ndo maana nimesema Sikinde.

Na usimwache mtu akwambie zilidumu kwa bahati. Morogoro Jazz ilikuwa kubwa mno, Mbaraka Mwinshehe aliyekuwa nguzo yake akatoka 1973 akaanzisha Super Volcano, akafa kwa ajali Mombasa Januari 1979 na bendi yake haikuwa tena ile. Msondo na Sikinde zilikuwa na mwenye nyumba, chama na shirika, mmoja akiondoka kiti kinabaki anakaa mwingine. Ila huo huo utaratibu ndo uliwaumiza wale watu. Mshahara mdogo, vyombo sio vyako, wimbo umeutunga unapigwa redioni miaka na miaka na wewe hupati kitu, sheria ya hakimiliki ya maana imekuja 1999 wengi wameshazeeka. Gurumo amestaafu 2013 baada ya miaka mingi jukwaani hana hata gari, ni Diamond, kijana wa bongo fleva, ndo aliyempa gari mwaka huo huo, na Aprili 2014 mzee akafariki. Nilimpenda sana yule kijana siku ile. Lakini nilikasirika pia, na bado nina hasira, kwa sababu zawadi ni zawadi, yule mzee alistahili malipo yake. Hao wazee wa kazini kwenu waambie nguvu wanayotumia kununiana waitumie kuuliza zile kanda za RTD ambazo sasa ziko TBC zinatunzwaje, na watoto wa kina Lusungu na kina Chidumule wanapata nini wimbo ukipigwa.

Baba yako anasema nimeipendelea Sikinde na anataka na yeye akuandikie. Nimemwambia aandike ya kwake, karatasi zipo. We ukija sikukuu tutakwenda wote, zikipiga bendi zote mbili siku moja usikubali kukaa upande wake kwa sababu tu atakununulia soda.

Kula vizuri, na huo mkopo wa pikipiki usiuchukue kabla hatujaongea.

Mama yako