Re: Mwanafunzi anajificha chini ya dawati mvua ikianza

Pole ticha wa Igombe. Huyo mtoto, kama ulivyosema baba yake alizama akivua dagaa, hana utundu wala kiburi, upepo wa ziwa ukianza kupiga bati mwili wake unaogopa kabla akili haijajua, sasa ukimfokea au ukigonga fimbo mezani ndo unamwongezea. Mkalishe karibu na wewe, mawingu yakijikusanya mwambie mapema "mvua inakuja, mimi nipo hapa". Usimhoji mbele ya wenzake! Na wewe ukiona hasira zinapanda (darasa limejaa vile nani asichoke) toka nje kidogo uvute pumzi. Mshirikishe mama yake na mwalimu wa ushauri nasaha, ikizidi piga 116, namba ya simu ya msaada kwa watoto, ni bure.