Jibu: Fundi mzuri, ila darasani vijana hawashiki

Salaam mkuu. Nimekusoma: una miaka mingi kwenye uchomeleaji, chuo cha hapo Mtwara kimekuchukua ufundishe, na vijana wanakutazama vizuri tu, lakini wakishika wao, rodi (ule waya wa kuchomelea) inanata kwenye chuma.

Mimi nilianza na shida hiyo hiyo, nikiwa Masasi. Kabla hujawalaumu, angalia unavyowaonyesha. Nilikuwa napiga mshono mzima wa kuunga chuma kwa kasi ya kazini, halafu nauliza "mmeona?" Waone nini, mgongo wangu umeziba kila kitu, na miwani mitatu kwa vijana kumi na wanane! Siku hizi naanza mashine ikiwa imezimwa: kushika holda (kile kishikio cha rodi), kuinamisha rodi, mkono ufuate mstari wa chaki. Kisha kuwasha moto tu, kama unakwaruza njiti ya kiberiti, mara ishirini. Mshono baadaye. Rodi ya milimita 2.5 naanzia umeme wa ampea 80 hivi kwenye mashine. Ukishusha mno itanata hata kwako. Na klampu ya erthi, ile inayobana chuma unachochomelea, isikae juu ya kutu au rangi, hilo liliwahi kunilia asubuhi nzima.

Halafu kijana mmoja aeleze kwa maneno yake huku mwenzake akifanya. Akikwama, ujue pale ndipo uliporuka hatua.

Ualimu wenyewe unasomewa Chuo cha Ualimu wa Ufundi Stadi Morogoro, kiko chini ya VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi. Ni safari, unapita Kibiti mpaka Dar kwanza, ndipo Morogoro. Ada ya sasa waulize wenyewe, na ruhusa ya mkuu wako iwe kwa barua kabla hujapanda basi.