Paka dume anarushia mkojo mapazia tangu tuhamie Tabata

Habari ndugu. Umesema anarushia mapazia tangu mhamie, ingawa mchanga wake wa kujisaidia bado anautumia. Kwanza mtazame akikojoa: akijikamua bila kutoa kitu, mpeleke kwa daktari wa mifugo leo hii, maana dume akizibwa njia ya mkojo anaweza kufa ndani ya siku chache. Ila akisimama, mkia ukitetemeka, anarusha nyuma, hiyo ni alama ya wasiwasi. Wangu hapa Sinza alikuwa akiona paka wa mtaani juu ya ukuta kila jioni. Nilipoziba vioo vya chini vya dirisha kwa magazeti, akapunguza sana. Kama hajahasiwa, ahasiwe. Usimchape, maskini, hofu inamzidishia. Na unapofua mapazia usitumie kitu chenye amonia, kwake inanukia kama mkojo.