Kapimeni damu wote wawili

Binti yetu alikuwa na miezi saba vidole vyake vya mikono vilipovimba vyote kwa usiku mmoja. Hakutaka kuguswa. Mama yangu akasema ni baridi, jirani akasema mtoto katupiwa jicho. Zahanati tukaandikiwa dawa ya malaria, tukarudi, tukaandikiwa tena. Ikapita miezi minne ndipo daktari mmoja kijana akapeleka damu kwenye maabara ya hospitali kubwa. Majibu yalikuwa SS. Selimundu, au sikoseli kama wengi tunavyoiita. Jina limebeba maana yake: seli nyekundu za damu zinajikunja kama mundu, zinaziba mishipa midogo, mtoto anaumwa mifupa. Seli ya kawaida huishi siku 120 hivi. Hizi hazifikishi hata mwezi, ndiyo maana damu haikai mwilini.

Kabla hata hatujaelewa dawa, ukoo ulikaa kikao. Shangazi yangu akatoa hukumu: "Kwetu hakuna damu hiyo, imetoka kwa mwanamke." Mke wangu alikuwa chumba cha pili, anasikia. Mimi nilinyamaza, na kunyamaza kule kunaniuma mpaka leo.

Aliyetutoa gizani ni muuguzi wa kliniki, mama mtu mzima, aliyemwambia mke wangu avue kanga aliyojitanda. "Doti ina vipande vingapi?" Viwili. Basi, akasema, kila sifa ya namna hii mtu anayo kwa doti: kipande kimoja kutoka kwa baba, kimoja kutoka kwa mama. Ndizo jeni. Zimepangwa kwenye kromosomu 46, yaani jozi 23, na hii ya selimundu ipo kwenye kromosomu namba 11. Wewe baba una kipande A kizima na kipande S chenye kosa. Mama naye hivyo hivyo. Ninyi ni AS, mnalima, mnabeba maji, hamuumwi, kwa sababu kile kizima kinatosha kufanya kazi. Lakini mtoto mnampa kipande kimoja kimoja, tena mnakitoa sandukuni gizani, bila kuchagua. Huyu amepata S kwako na S kwa mama yake.

Kwa hiyo hakuna mtoto wa SS aliyeletwa na upande mmoja. Nilipofikisha habari hiyo nyumbani, mama alikaa kimya muda mrefu, kisha akamtaja kaka yangu niliyekuwa nimekaribia kumsahau: alifariki na miaka minne, macho ya njano, miguu inamuuma kila masika. Nyumbani iliitwa ugonjwa wa mifupa. Kumbe S ilikuwa imekaa kwetu siku zote, haina jina tu.

Sasa kosa langu la pili, na hili nawaomba mlisome taratibu. Tuliambiwa wazazi AS na AS, uwezekano wa kupata mtoto SS ni mmoja kati ya wanne. Nikapiga hesabu ya mwanaume mwenye haraka: mgonjwa wetu tumeshampata, watatu wanaofuata ni wazima. Mtoto wa pili akazaliwa SS.

Nilirudi kliniki nimekasirika, kana kwamba nimedanganywa. Yule mama akacheka kidogo, si kwa dharau. Akasema mzazi hatoi kanga yenyewe, anatoa nakala. Sanduku lake halipungui. Kila mimba mnaingiza mkono upya, na giza ni lile lile. Kila mimba: robo AA, nusu AS, robo SS. Mtu anaweza kuwa na watoto watano wazima, au wawili wagonjwa mfululizo kama mimi. Sanduku halina kumbukumbu.

Mbona kitu kibaya hivi kimeenea sana Kanda ya Ziwa na Pwani? Jibu lilinishangaza. Mwaka 1954 Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alionyesha kwamba mtoto wa AS ana kinga fulani dhidi ya malaria kali. Palipokuwa na mbu wengi, wenye S moja walinusurika zaidi, wakazaa, wakairithisha. Si laana ya mtu, ni mbu. (Angalizo: kinga hiyo si kamili, na mtoto wa SS asiitegemee; malaria kwake ni hatari mno. Chandarua kwa wote.)

Kuhusu vipimo, ulizeni mnapimwa nini. Kuna kile cha haraka cha kuangalia kama seli zinajikunja. Kinasema S ipo, lakini hakitofautishi AS na SS. Unachotaka ni kile kinachotenganisha aina za himoglobini, ile protini nyekundu ya damu inayobeba oksijeni, majibu yaandikwe AA, AS au SS. Na kama mtu ameongezewa damu karibuni, subirini miezi mitatu hivi, la sivyo mtakuwa mnampima aliyechangia. Hilo lilimkuta ndugu yangu mmoja: akaambiwa mtoto ni AS, akasherehekea bure.

Mkijikuta nyote ni AS, sitawaambia muachane. Hayo ni yenu. Ila mkizaa, mtoto apimwe mapema, kwa sababu miezi ya mwanzo damu ya kichanga huuficha ugonjwa. Dalili nyingi hungoja hadi miezi sita. Wetu wa pili tulimjua mapema, akaanzishiwa penisilini ya kuzuia maambukizi, na baadaye wote wawili wakawekwa kwenye haidroksiurea, dawa ya kupunguza vipindi vya maumivu. Siku za kulazwa zimepungua sana.

Msichukue hesabu hii mkaipeleka kila mahali, lakini. Urefu na rangi ya ngozi vinabebwa na jeni nyingi mno, na urefu unategemea pia sahani ya chakula. Ila makundi ya damu yanaifuata: wazazi wawili wa kundi A wanaweza kabisa kuzaa mtoto wa kundi O. Najua mwanaume aliyemrudisha mke kwao kwa ajili ya hiyo O.

Binti yangu sasa yuko sekondari. Juzi alichora miraba minne kwenye daftari na kuniletea. Yeye kipande cha kutoa ni S tu, akasema, kwa hiyo akiolewa na AA watoto wote watakuwa AS, wazima. Akiolewa na AS, kila mimba ni nusu kwa nusu. Alikuwa amepatia. Kisha akauliza karatasi yake ya majibu iko wapi, nikamwonyesha: kwenye bahasha moja na cheti cha kuzaliwa.