Usihamishe, Nakili: Somo Nililolipata kwa Diski ya Nje

Kwa miaka kadhaa niliamini kazi zangu zote zina nakala rudufu, kwa sababu nilikuwa na diski ya nje iliyojaa picha, maandishi na rekodi za sauti ya marehemu babu akisimulia ujana wake. Siku moja ikaanguka kutoka mezani huku ikiwa inafanya kazi. Hapo ndipo nilipotambua kosa langu: mafaili yale sikuyanakili, niliyahamisha. Kompyuta ilikuwa imejaa, nikayakata huku na kuyabandika kule. Kila faili lilikuwa moja tu duniani, na nyumba yake ilikuwa ile diski.

Ilipochomekwa ikawa inagonga, tak, tak, tak. Niliichomeka tena na tena nikitumaini itaamka, na hilo nalo lilikuwa kosa. Ukisikia mlio huo, izime na uiache. Huenda kichwa cha kusomea kimeharibika, na kila jaribio linaweza kuikwaruza sahani yenye data. Fundi mwenye vifaa vya kuokoa data anaweza kusaidia akiipata mapema. Mimi nilichelewa, na sauti ya babu sikuipata tena.

Kwa hiyo jambo la kwanza ninalomwambia kila mtu: faili liwe na angalau makao mawili. Lile lisilopaswa kupotea kamwe lipe matatu, na mojawapo liwe nje ya nyumba, kwani moto na wezi hawachagui kifaa.

Kabla ya kunakili, angalia diski yako imeumbizwa (format) kwa mfumo gani wa kupanga mafaili. FAT32 haipokei faili moja lenye ukubwa wa GB 4 au zaidi, hivyo video ndefu itakataliwa. exFAT haina kikwazo hicho, na inasomwa na kuandikwa na Windows na Mac pia. Kumbuka tu kwamba kuumbiza upya hufuta kila kilichomo.

Kunakili kwa mkono kunachosha, na mtu aliyechoka husahau. Tumia programu iliyokuja na kompyuta: Time Machine kwenye Mac, File History kwenye Windows. Zote mbili hutunza na matoleo ya zamani, kwa hiyo ukiharibu hati leo unaweza kurudia ile ya juzi.

Kazi ikiisha, iambie kompyuta iachie diski kwa njia salama (Eject), subiri ikuruhusu, kisha ichomoe. Usiiache imechomekwa usiku na mchana. Mei 2017, virusi vya WannaCry vilivamia kompyuta katika nchi nyingi, vikafunga mafaili na kudai fidia. Virusi vya aina hiyo haviishii ndani ya kompyuta. Huifikia hata diski ya nje vikiikuta imeunganishwa. Iliyo kabatini haviioni.

Kama ina siri zako, isimbe, yaani ifunge isisomwe bila nenosiri: kwa BitLocker kwenye Windows, au kwa kuchagua kusimba nakala ndani ya Time Machine kwenye Mac, na nenosiri au ufunguo wa dharura uuandike kwenye karatasi. Ukiuhifadhi ndani ya kompyuta ileile, siku itakapokufa utafungiwa nje ya mali yako mwenyewe.

Kisha jaribu. Hapa ndipo wengi tunapolegea. Kila mwezi huichomeka diski yangu kwenye kompyuta nyingine, nikafungua picha mbili tatu, hati moja ya zamani, video moja hadi mwisho. Kuona jina la faili hakutoshi, lazima lifunguke.

Mwezi uliopita nililitafuta folda la rekodi za mama, ambazo nimeanza kuzikusanya sasa, nikalikosa kabisa. Nilikuwa nimeliweka nje ya folda za kawaida zinazofuatwa na File History, nayo ikalipita bila kunionya. Nikaliongeza kwenye orodha, nikanakili upya, nikasikiliza rekodi ya kwanza mpaka mwisho, ndipo nikaichomoa diski.