Mama mkwe wangu ni Mkristo, ametualika chakula cha siku ya shukrani Marekani: je, twende?

SWALI

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh, sheikh wangu. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, sasa naishi Columbus, Ohio. Mume wangu ni Mmarekani mweusi aliyesilimu kabla hatujaoana. Wazazi wake ni Wakristo na wanatupenda sana. Kila Alhamisi ya nne ya Novemba, siku ya Thanksgiving ambayo Wamarekani hukutana kula na kutoa shukrani, mama mkwe hukusanya watoto na wajukuu wote nyumbani kwake. Hupika bata mzinga, na kabla ya kula huomba dua kwa jina la Yesu, kisha kila aliye mezani hutaja jambo analolishukuru. Tangu tuoane tumekuwa tukienda. Mwaka huu kaka yangu aliyeko nyumbani ameniambia kwamba huko ni kusherehekea sikukuu ya makafiri na kwamba nawaharibia watoto dini yao. Mume wangu ameumia, asema hana ulimi wa kumwambia mamake kwamba hatuji. Nifanye nini, sheikh? Na chakula chenyewe hukumu yake ni ipi?

JIBU

Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh. Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na maswahaba wake.

Mwanangu, nianze na jibu lenyewe ili moyo wako utulie. Nendeni kwa mkweo, kaeni naye vizuri, kuleni kilicho halali na mkiache kisicho halali, msiitikie dua inayoelekezwa kwa asiyekuwa Mwenyezi Mungu, wala msiifanye siku hiyo kuwa Idi ya nyumbani kwenu. Hivyo ndivyo ninavyoona. Lakini kaka yako hakusema maneno ya hewani, ana wanazuoni nyuma yake, na ni haki yake tuitazame hoja yake kabla ya kuiacha.

Anas bin Malik, Allah amridhie, ameeleza kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alipofika Madina aliwakuta watu wana siku mbili wanazocheza. Akawaambia kuwa Mwenyezi Mungu amewabadilishia kwa zilizo bora kuliko hizo: siku ya Adh-ha na siku ya Fitri. Ameipokea Abu Dawud. Na mtu mmoja aliweka nadhiri ya kuchinja ngamia mahali paitwapo Buwana, Mtume hakumruhusu mpaka alipouliza: je, palikuwa na sanamu lililoabudiwa hapo? Je, palifanyika hapo sikukuu yoyote katika sikukuu zao? Alipojibiwa hapana, ndipo akamwambia atimize nadhiri yake. Kutokana na hadithi hizi wanazuoni wamesema kuwa Idi ni sehemu ya dini, kama kibla na swala, na Muislamu hashiriki Idi ya dini nyingine. Hili mimi sina shaka nalo. Krismasi na Pasaka hukumu yake ni hiyo.

Kwa hiyo yote yanarudi kwenye swali moja: je, Alhamisi hiyo ni siku ya ibada ya Kikristo?

Tazama ilivyoanza. Mwaka 1620 walowezi wa Kiingereza walifika Plymouth, Massachusetts. Karibu nusu yao walikufa majira ya baridi ya kwanza. Waliobaki walisaidiwa na wenyeji wa nchi, kabila la Wampanoag, wakapanda mahindi, na mwaka 1621 walipovuna wakafanya karamu ya siku tatu. Chifu Massasoit alikuja na watu wake wapata 90, nao wakaleta paa watano. Ilikuwa karamu ya mavuno. Baadaye George Washington alitangaza siku ya shukrani mwaka 1789, na Abraham Lincoln akafanya hivyo mwaka 1863, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiwa vimepamba moto. Tangazo la Lincoln lilimtaja Mungu waziwazi, na hapa ndipo wanaokataza wanaposhika. Tarehe ya sasa iliwekwa na bunge la Marekani mwaka 1941.

Mimi nimelipima jambo hili na naona upande wa wanaoruhusu una nguvu zaidi. Siku hiyo haikuletwa na kanisa, haina ibada yake maalumu ambayo bila hiyo haitimii, na tarehe yake imepangwa kwa sheria ya nchi. Myahudi huiadhimisha, Mhindu huiadhimisha, na asiyeamini Mungu kabisa huketi mezani na wazazi wake siku hiyo. Kutajwa Mungu katika tangazo la rais hakuifanyi siku kuwa Idi ya Wakristo, kwani marais wao humtaja Mungu katika mambo mengi ya serikali. Hukumu hufuata hali ya kitu kilivyo, na hali yake leo ni siku ya mapumziko ya taifa ambayo jamaa hukutana wakala. Hata hivyo, kwa kuwa imetaja shukrani na inarudi kila mwaka, nakutaka uwe na tahadhari: usiipambie nyumba, usiichukulie kwamba ina thawabu au baraka zake za pekee, wala usiipike kwako kama unavyopika Idi. Wewe ni mgeni kwenye meza ya mtu.

Na huyo mtu ni nani? Ni mama wa mumeo. Hapa ningependa kaka yako anisikilize kwa makini, kwa sababu naona amelitazama jambo upande wa sikukuu tu, akausahau upande wa wazazi.

Asmaa binti Abubakar, Allah amridhie, alijiwa na mamake Madina wakati wa mkataba baina ya Mtume na Makuraishi. Mama huyo alikuwa mshirikina, mwabudu masanamu. Hakuwa hata mtu wa Kitabu, yaani Myahudi au Mkristo. Asmaa akaenda kumuuliza Mtume: mama yangu amenijia na anatamani jambo kwangu, je, nimuunge? Akamwambia: ndiyo, muunge mama yako. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim. Na katika Sura Luqman Mwenyezi Mungu anawataja wazazi wanaomshikilia mtoto wao ili amshirikishe Mungu. Amesema asiwatii katika hilo, kisha akaendelea kusema akae nao kwa wema duniani. Mkweo hamshikilii mwanawe arudi kanisani. Anamwita ale chakula. Ikiwa yule anayelazimisha shirki ana haki ya kukaliwa kwa wema, itakuwaje kwa mama aliyemwacha mwanawe na dini yake, akakupokea wewe na mtandio wako, na akawapakata wajukuu wenye majina ya Kiislamu?

Tena ukwe wenyewe ni neema iliyotajwa ndani ya Qurani. Katika Sura Al-Furqan, aya ya 54, Mwenyezi Mungu anasema kuwa amemuumba mtu kutokana na maji, akamjaalia nasaba na ukwe. Na katika Al-Mumtahina, aya ya 8, amebainisha kwamba Yeye hatukatazi kuwafanyia wema na uadilifu wale wasiotupiga vita kwa ajili ya dini wala kututoa majumbani mwetu.

Mumeo akimwambia mamake "hatuji, dini imetukataza kukaa nawe siku hii," mama yule atauelewaje Uislamu? Hilo nalo lina hesabu yake mbele ya Allah.

Ama chakula, hapa ndipo penye kazi, na nitakwenda nawe chungu kwa chungu kwa sababu najua meza za Wamarekani weusi zilivyo. Nguruwe hajifichi akiwa paja zima limewekwa katikati ya meza. Huyo mtamwona na mtampita. Mwogopeni aliye ndani ya vyakula vingine. Zile mboga za majani, ndugu wa sukuma wiki yetu, wengi huzichemsha pamoja na kifundo cha nguruwe kilichokaushwa kwa moshi ili zipate ladha, kisha mfupa hutolewa na wewe huoni kitu. Mkate unaovunjwavunjwa ukatiwa ndani ya bata mzinga huweza kuchanganywa na soseji ya nguruwe. Viazi vitamu hutandazwa juu yake zile pipi nyeupe laini, mashimelo, na jelatini yake mara nyingi ni ya nguruwe. Unga wa pai ya maboga baadhi ya watu huukanda kwa mafuta ya nguruwe. Mchuzi mzito wa bata huenda ukatiwa mvinyo. Basi uliza. Mpigie simu mkweo siku chache kabla, kwa adabu, umwambie: mama, naomba chungu kimoja cha mboga kisitiwe nyama. Mara nyingi mwanamke anayewapenda wajukuu wake hufurahi kuulizwa, na huumia akiona sahani zimerudi zimejaa bila kuambiwa sababu.

Bata mzinga mwenyewe, asili ni kwamba chakula cha watu wa Kitabu ni halali kwetu kwa aya ya 5 ya Sura Al-Maida, na Mtume alikula nyama ya kondoo aliyoletewa na mwanamke wa Kiyahudi huko Khaybar. Lakini nyama ya viwandani leo hujui kachinja nani wala kachinja vipi, na wanazuoni wa zama zetu wametofautiana juu yake. Njia ya kutoka kwenye shaka ni nyepesi kwenu: Columbus ni mji wenye Wasomali wengi, na maduka ya halali hayakosekani. Nunueni nyinyi bata, mumpelekee mama awapikie watu wote. Mtakuwa mmetoa zawadi, mmeondoa shaka, na nyumba nzima itakula kilichotajiwa jina la Allah. Na kama kuna mvinyo mezani, mumeo amwombe mamake uwekwe mbali na meza mnayoketi, maana Mtume amemkataza anayemwamini Allah na Siku ya Mwisho kuketi kwenye meza inayozungushwa pombe. Akikataa, chukueni chakula chenu mkae chumba kingine na watoto, bila ugomvi.

Kuhusu dua ya kabla ya kula: anapoomba kwa jina la Yesu, nyamazeni kwa heshima. Msifumbe mikono kama wao wala msiseme amina. Someni Bismillahi zenu kimyakimya. Nabii Isa, amani imshukie, ni Mtume wetu tunayemheshimu, ila hatuombi kwa kumfanya mwana wa Mungu. Zamu ya kutaja shukrani ikikufikia, usiikwepe! Hapo umepewa nafasi. Sema Alhamdulillah, kisha mtazame mkweo umwambie unamshukuru Mwenyezi Mungu kwa mume aliyekupa, na unamshukuru yeye kwa malezi aliyomlea. Mtume amesema asiyewashukuru watu hamshukuru Mwenyezi Mungu. Ni wakwe wangapi wameshawahi kusikia maneno hayo kutoka kwa mke wa mwana wao?

Na msisahau swala. Mwisho wa Novemba huko kwenu jua huzama baada tu ya saa kumi na moja jioni, na chakula chao huwa alasiri. Alasiri na Magharibi zote zitawakuta hapo. Mwombeni mama chumba, mswali jamaa, watoto wakiwa nyuma ya baba yao.

Sasa watoto, ambao ndio hofu ya kaka yako, na hofu hiyo naiheshimu. Nikuulize wewe, mwanangu: siku ya Idi inakuwaje nyumbani kwako? Kule Mombasa ulikulia Idi ya nguo mpya, harufu ya pilau tangu alfajiri, mkono wa Idi kutoka kwa kila mjomba, na bembea za Makadara. Je, wanao wameipata hata robo yake, au Idi kwao ni swala asubuhi kisha baba kazini na wao darasani? Mtoto akiiona siku ya bibi ina shangwe na Idi haina, moyo wake utajua wenyewe pa kuelekea, na hata mkikaa nyumbani Alhamisi hiyo hamtakuwa mmetengeneza kitu. Ombeni ruhusa shuleni, mumeo achukue likizo, pikeni, alikeni majirani, na mumwite bibi yao aje ale kwenu. Wafundisheni pia kwamba shukrani haina Alhamisi yake. Mtume alisimama usiku mpaka miguu ikavimba, na alipoulizwa akasema: je, nisiwe mja mwenye kushukuru? Na amesema kuwa Mwenyezi Mungu humridhia mja anayekula mlo akamhimidi kwa huo, anayekunywa kinywaji akamhimidi kwa hicho. Mtoto anayesema Alhamdulillah baada ya kikombe cha maziwa kila asubuhi hatababaika akiketi kwa bibi yake mara moja kwa mwaka.

Wakikua, waelezeni pia habari za Wampanoag hadi mwisho: jinsi vita vya mwaka 1675 vilivyowamaliza watoto wa wale waliokula pamoja, wengine wakauzwa utumwani, na jinsi tangu 1970 wenyeji hao na wenzao hukutana Plymouth siku hiyohiyo kuomboleza. Muislamu hafichi dhuluma, hata ikiwa imezungukwa na vyakula vizuri.

Kaka yako mpigie simu. Mshukuru kwanza kwa kuwajali watoto wako, kisha umsomee hadithi ya Asmaa na mamake. Akibaki na rai yake, mwache nayo, kwani ana wanazuoni anaowafuata na hili ni jambo la ijtihadi, yaani wanazuoni hulipima kwa hoja na wakatofautiana. Ila naye asikuhukumu wewe wala mumeo kuwa mmeuza dini. Na mwambie mumeo amjibu mamake leo, asimweke roho juu.

Wallahu a'lam.