Majina ya Ndugu Kutoka Kikuba Kimoja

Asumini, mtoto wetu wa kwanza, alipewa jina na bibi yake mzaa baba, aliyelipenda ua hilo tangu usichana wake. Sisi tuliitikia tu. Nilipobeba mimba ya pili ndipo nilipoiona kazi: jina la pili halitaitwa peke yake, litaitwa pamoja na la kwanza kila siku ya Mungu.

Nilitaka akiwa msichana aitwe Yasmini. Mama mkwe akaniangalia. "Mwanangu, yasmini si ndiyo hiyo hiyo asumini?" Kweli, ua ni moja. Nilikuwa nimesikiliza sauti, nikasahau kitu chenyewe. Badru na Hilali hayafanani hata kidogo masikioni, lakini yote ni mwezi, mmoja mpevu, mwingine mwandamo. Hao ni ndugu hasa.

Basi tafuta vitu vinavyokaa pamoja. Siku ile mama mkwe alikuwa akitunga kikuba, kile kishada cha maua na majani ya kunukia wanachojipamba nacho wanawake: asumini, rehani, waridi, na mkadi kidogo. Jibu nililipata mikononi mwake. Mtoto alipokuja wa kiume, akawa Rehani. Ukipenda ya baharini, lulu na marijani zimetajwa pamoja katika Sura ya Ar-Rahman, aya ya 22. Jirani yangu Mjaluo ana Okoth na Akoth, kaka na dada, wote waliozaliwa mvua ikinyesha.

Kuna jambo sikuliwaza, na liliniuma. Rehani ina maana mbili. Alipokuwa darasa la pili wenzake walimwimbia kwamba baba yake amemweka rehani dukani. Alirudi analia. Nilimpeleka uani, nikamchumia kijitawi cha mrehani, nikamwambia anuse: hili ndilo jina lako. Leo ningemwita Raihani, maana ni mmea ule ule na neno la deni halimo. Kabla hujaamua, lisikilize jina kwa masikio ya watoto wa mtaani.

Wa tatu ni Waridi. Usiku wa kuamkia akika, karamu ya kumchinjia mtoto mchanga, nilisimama mlangoni nikayaita yote matatu kwa sauti, kama ninavyowaita jua likizama. Hakuna lililolimeza jingine. Rehani akaja mbio, akauliza kama mdogo wake naye ana mti wake uani. Nikamshika mkono, nikamwonyesha mwaridi kwenye debe, kando ya mrehani.